Komeo la Ndani

Kila alipotoka shule, Komeo alirudi nyumbani kwa bibi yake akiwa na ufunguo shingoni. Ufunguo huo haukufungua kitu chochote huku. Ulikuwa wa nyumba ya ghorofa ya nne katika nchi nyingine, safari ya ndege mbili na kiti kigumu cha kusubiria katikati. Ulining'inia kwenye kamba ya kiatu, ndani ya shati la shule, na ulikuwa umemwachia alama ndogo kifuani.

"Vua hicho chuma, utapata pele," Mama Mkubwa alimwambia kila jioni.

"Sivui," Komeo alijibu kila jioni.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yake na dobi wa mtaa mzima. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa chake na meza yake ya kupigia pasi. Watu waliingia na mafurushi, wakatoka na nguo zilizokunjwa, na katikati ya kuingia na kutoka wakakaa, wakanywa maji, wakauliza habari za watu wote. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto liliuzuia usijifunge kwa upepo. Lilikuwa limekaa pale miaka mingi hata sakafu ikabonyea chini yake.

Hilo jina la Komeo hakuja nalo. Alilipata siku ya pili baada ya kufika. Siku hiyo Mama Mkubwa alirudi kutoka hospitali na furushi la mashuka kichwani, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Alipiga hodi. Akapiga tena. Majirani wakatoka kutazama, maana hakuna aliyekumbuka kuuona mlango ule umefungwa jua likiwa juu. Mwishowe Bibi, aliyekuwa uani akichambua mboga, ndiye aliyekuja kufungua. Msichana alikuwa amesimama nyuma ya mlango, wima kama askari.

"Ulikuwa umelala?" Mama Mkubwa aliuliza, shingo ikimuuma.

"Hapana."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Ulisema hodi. Hukusema wewe ni nani."

Mtaa mzima ulicheka. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka pale, ndiye aliyesema, "Mmeletewa komeo jipya!" Jina likashika. Kufikia jioni hata watoto ambao hawakuwepo walikuwa wakilipigia kelele.

Komeo hakulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Aliinua kidevu akawaambia, "Afadhali Komeo kuliko mlango usiojua kufungwa."

"Nyumba hii haifungwi mchana," Mama Mkubwa alisema siku hiyo. "Tangu babu yako aijenge."

"Kule..."

"Kule ni kule. Hapa ni hapa."

Binamu yake, msichana wa miaka kumi aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya doa jeusi shavuni, alianza kuhesabu. Kila Komeo aliposema "kule," Kidoti alikunja kidole. Siku moja vidole vilimwishia kabla ya chakula cha mchana, akaomba kuazima vya Bibi.

Lakini kule kulikuwepo, na Komeo hakuona sababu ya kujifanya hakukuwepo. Kule mama yake alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, aliwavisha, aliwalisha kwa kijiko. Alitoka kabla Komeo hajaamka na kurudi saa moja jioni. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka minane Komeo alijirudisha mwenyewe. Alipanda lifti. Alifungua mlango, akaufunga mara mbili, akaweka mnyororo. Alimtumia mama ujumbe wa neno moja: Nimefika. Akapasha chakula moto, akala, akafanya kazi za shule, akakunja nguo. Mtu akibisha, alikaa kimya hadi aende zake.

"Usijibu," mama alimwambia mara nyingi. "Ukijibu tu, atajua kuna mtoto ndani peke yake. Hata ukisikia sauti ya mtoto, usifungue. Mtu mbaya anaweza kumtanguliza mtoto. Mtoto mdogo hatembei peke yake. Ukimsikia mtoto, jua yuko mtu mzima nyuma yake."

Mlango wa jirani ulikuwa hatua tatu tu kutoka wao. Aliishi humo mzee mmoja ambaye katika miaka minne hakumwambia Komeo hata neno moja. Alikuwa akitikisa kichwa tu kwenye lifti. Lakini asubuhi moja ya baridi kali, Komeo alikuta glavu za sufu zimetundikwa kwenye kitasa chao, bila jina wala karatasi, na zilimtosha kabisa. Habari hiyo alimsimulia Bibi peke yake.

Kisha mama yake akapangiwa zamu za usiku kwa mwaka mzima. Mtoto kubaki peke yake mchana ni jambo moja. Usiku ni jingine. Ndipo Komeo akaletwa kwa Bibi.

Huku hakuna aliyeweza kubaki peke yake hata akitaka. Kidoti alivaa soksi zake bila kuuliza. Wateja walimkuta amelala kwenye kochi, wakamsogeza miguu wakakaa. Fundi viatu alimsimamisha barabarani na kumfunga kamba za viatu kwa nguvu, huku akimgombeza kama baba yake mzazi. Kila mtu alimuuliza swali lilelile: "Eti, kule na hapa, wapi pazuri?"

"Kule nilikuwa na kitanda changu," Komeo alijibu. "Na soksi zangu."

Walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, walimu walikuwa na kikao, wanafunzi wakaachiwa mapema. Kidoti alibaki shuleni kwa mazoezi ya mpira. Komeo alifika nyumbani akamkuta Bibi amevaa kanga yake ya kutokea, na Mama Mkubwa anatafuta kadi ya kliniki.

"Afadhali umekuja," Mama Mkubwa alisema. "Nampeleka Bibi akapimwe presha. Pasi bado ya moto, usiiguse. Nguo za muuguzi ziko kwenye ndoano. Mtu akija, mpokee."

"Nitakuwa peke yangu?"

"Peke yako wapi? Na mtaa wote huu?"

Wakaondoka. Komeo alisimama katikati ya chumba cha mbele akatazama mlango ulio wazi. Mtu mmoja alipita nje akachungulia ndani, akamsalimia, akaendelea. Mwingine akachungulia. Mbwa akachungulia.

"Basi," Komeo alisema kwa sauti. Alilisukuma jiwe kwa mguu. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Akausukuma mlango, akasukuma komeo, nalo likalia kwa ukali kwa sababu halikuzoea kazi.

Ukimya ulioingia ulikuwa mtamu. Alivua viatu. Alikata mkate akala polepole bila mtu kumwomba kipande. Alivaa soksi zake mwenyewe. Alikaa kwenye kochi lote, huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alijisikia mtu aliyefika nyumbani. Alijua kabisa amekatazwa. Alijiambia kwamba atafungua kabla hawajarudi, na nani atajua?

Saa kumi kasoro dakika chache, mlango uligongwa.

Uligongwa chini, karibu na usawa wa goti. "Bibi!"

Komeo aliacha kutafuna. Sauti aliijua. Ilikuwa ya Kibonge, mtoto wa miaka minne wa nyumba iliyotazamana nao. Mama yake alikuwa mpishi wa hoteli, wa zamu ya jioni. Kila siku Komeo aliporudi kutoka shule alimkuta Kibonge kwenye mkeka, anakula. Jinsi alivyofika pale hakuwahi kujiuliza.

"Bibi, mimi hapa! Mbona umefunga?"

Komeo hakujibu. Mama yake yuko nyuma yake, aliwaza. Akiona kimya atarudi naye. Na nikifungua, atamwambia Mama Mkubwa kwamba nilifunga.

Kibonge alipiga teke mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mipango mingine, "Haya. Mimi naenda kuona tingatinga."

Ndara zake zikaenda zikipiga kelele, pa, pa, pa, hadi zikapotea.

Saa kumi na robo Komeo alifungua mlango na kulirudisha jiwe. Alijitahidi liwe mahali pake. Dakika chache baadaye Bibi na Mama Mkubwa wakaingia.

"Presha imeshuka," Mama Mkubwa alisema, akivua viatu. "Kibonge yuko wapi? Uani?"

"Hayupo."

"Amelala?"

"Hayupo. Hakuna mtu aliyekuja."

Maneno hayo yalimtoka haraka, yakiwa yamenyooka kabisa. Mama Mkubwa alikunja uso. "Labda mama yake hakwenda kazini leo." Akatoka, akavuka njia. Komeo alimsikia akiita. Akamsikia fundi viatu akijibu, "Mama Kibonge? Ameshaondoka! Nimemwona mwenyewe. Kamvusha mtoto njia, kamwambia nenda kwa Bibi, yeye akakimbilia basi lake."

"Umemwona mtoto akiingia?"

"Nimeona akienda mlangoni. Sasa akienda mlangoni si ndiyo ameingia?"

Hakukuwa na mtu mzima nyuma ya Kibonge. Kila siku saa kumi mtoto yule alivuka njia peke yake na kuingia, na mama yake aligeuka akaondoka bila kutazama, kwa sababu mlango ule haukuwahi kufungwa.

Nje kelele zilipanda. Mwanamke mmoja alisema huenda amemfuata mama yake kituoni. Mara moja watu wote wakaelekea kituoni, Mama Mkubwa mbele, kichwa wazi, ndara moja imemkatika. Fundi viatu aliacha kibanda chake na nyundo ikiwa bado juu ya kiatu. Kituo kilikuwa upande wa kushoto. Mahali ambapo walikuwa wakichimba mtaro mkubwa wa maji ya mvua palikuwa upande wa kulia.

Komeo alijua. Yeye peke yake katika mtaa mzima ndiye aliyejua. Alisimama na mdomo umefungwa, na muda ukaenda. Pengine watamwona tu. Pengine amekwenda kwa mtu mwingine; si kila mlango huku uko wazi?

Bibi alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akipumua taratibu. Alikuwa anatazama sakafu. Jiwe lilikuwa limekaa kando ya kile kibonyeo chake, vidole vinne hivi. Bibi alilitazama jiwe, akamtazama mjukuu wake, akarudi kulitazama jiwe.

"Bibi," Komeo alisema. "Alikuja."

"Nani alikuja?"

"Kibonge. Nilifunga mlango. Alibisha nikanyamaza. Alisema anaenda kuona tingatinga."

Bibi aliinuka kwa kasi ambayo presha yake haikuiruhusu. "Mimi siwezi kukimbia. Wewe unaweza. Nenda! Mimi nitawaita hao wengine."

Komeo hakuvaa viatu. Alikimbia na soksi zake, zile alizokuwa akizipigania kwa wiki tatu, akazichana kwenye kokoto bila kujua. Ufunguo ulimpiga kifuani, tap, tap, tap.

Mtaro ulichimbwa mwisho wa mtaa. Mabomba makubwa ya zege yalikuwa tayari yamelazwa chini, mapana kiasi kwamba mtoto angeweza kusimama ndani. Tingatinga lilikuwa likisukuma udongo mwekundu kuyafunika, likirudi nyuma, likija tena. Utepe wa kuzuia watu ulikuwa umekatika na kulala kwenye matope. Na ukingoni mwa mtaro, karibu na bomba la mwisho ambalo mdomo wake ulikuwa bado wazi, palikuwa na ndara moja ya bluu, ndogo.

Komeo alipiga kelele. Injini iliimeza sauti yake. Akapunga mikono. Dereva alikuwa anatazama udongo.

Basi akapita juu ya utepe, akashuka kwenye udongo laini hadi magotini, akasimama mbele ya bamba la chuma linalosukuma udongo, mikono ameitanua.

Mashine ilisimama kwa mtikisiko, injini ikinguruma. Mnyapara wa pale, mtu mnene mwenye kofia ya njano, alikuja akikimbia. "We mtoto! Una wazimu? Toka hapo!"

"Sitoki!"

"Toka nimesema! Unataka tufungwe jela?"

"Sitoki! Kuna mtoto humo!"

"Hakuna mtoto humu! Tuko hapa tangu asubuhi! Toka au nikubebe!"

"Nibebe!" Komeo alimpigia kelele usoni. "Nibebe, lakini zima hiyo mashine kwanza! Zima! Sitoki mpaka mzime!"

Mnyapara alimtazama: msichana wa watu, soksi zimechanika, ufunguo shingoni, kidevu juu. Pengine alikuwa na mtoto wa hivyo nyumbani kwake. Alimgeukia dereva akapitisha mkono kooni. Injini ikazimika.

Kimya. Halafu, kutoka ndani ya bomba, ikaja sauti nyembamba iliyovuma kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Tinga-tinga-tingaaa!" Ikajirudia. Ikacheka. "Tinga-tinga-tingaaa!"

Kibonge alikuwa amekaa ndani kabisa, ndara moja mguuni, akiimba kwa sababu bomba lilikuwa linamwitikia. Aligoma kutoka. Alisema hajamaliza.

Mnyapara mwenyewe ndiye aliyeingia kumtoa, kwa magoti na viwiko. Alipotoka naye alikaa chini palepale kwenye udongo, akavua kofia. "Ule utepe umekatika tangu jana," alimwambia dereva. "Tangu jana, na mimi nauruka tu."

Jioni chumba cha mbele kilijaa. Mama Kibonge alikuwa ameitwa kutoka hotelini, bado na aproni yake. Alimkumbatia mtoto wake hadi mtoto akalalamika. Kisha akamgeukia Komeo.

"Ulimsikia mwanangu mlangoni, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Mtoto wa miaka minne! Una moyo wa namna gani wewe?"

"Huyo ni wa kule," mtu mmoja alisema nyuma. "Kule hawana utu."

Komeo alikuwa ameamua kuomba msamaha. Alikuwa ameshaupanga mdomoni. Lakini neno hilo lilimwingia kama mwiba, naye akainua kidevu.

"Utu wanao," alisema. "Mimi nina makosa, nayasema. Nilikatazwa kufunga, nikafunga. Mama Mkubwa aliniuliza, nikadanganya kwamba hakuna aliyekuja. Uongo huo ni wangu peke yangu na ninaomba msamaha. Lakini la kutofungua silibebi peke yangu. Mama yangu alinifundisha hivyo, kwa sababu sisi tulikuwa wawili tu na yeye alikuwa kazini. Kule mtoto mdogo hatembei peke yake! Nilijua uko nyuma yake, Mama Kibonge. Kwa nini hukuwa nyuma yake? Na nani aliniambia kwamba anakuja peke yake kila siku saa kumi? Nani? Mnaniuliza kila siku wapi pazuri. Hakuna aliyewahi kuniambia hapa panaendaje!"

Mtoto kusema na watu wazima namna hiyo halikuwa jambo dogo. Mama Mkubwa alifungua mdomo, na ilionekana wazi kwamba kitakachotoka si kizuri.

"Mwache," Bibi alisema.

"Lakini Mama, umemsikia anavyo..."

"Nimemsikia. Adabu tutairekebisha kesho. Leo amesema kweli, na kweli hairudishwi mlangoni kwa sababu imekuja na sauti kubwa." Bibi alimgeukia Mama Kibonge. "Mwanangu, wewe ulimpeleka mtoto kwa nani?"

"Kwako, Bibi."

"Uliniona?"

Mama Kibonge alitazama aproni yake. "Niliona njia. Nilizoea."

"Na mimi nilikwenda kliniki bila kukwambia, kwa sababu nilizoea. Na binti yangu hapa alimwachia mgeni nyumba bila kumweleza kitu, kwa sababu alizoea. Na huyu alifunga kwa sababu alizoea. Sote tulikuwa tunamlinda mtoto, kila mtu kwa namna aliyofundishwa, na mtoto akaishia ndani ya bomba." Alimkazia macho Komeo. "Sasa wewe. La mlango tumegawana. La uongo hatugawani. Kituoni walikwenda watu wangapi?"

"Wote."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilisema hakuna aliyekuja."

"Ungesema palepale, wangekwenda upande wa kulia. Ukweli wako ulikuja, nashukuru. Lakini ulichelewa, na udongo haukuwa unasubiri. Umenielewa?"

Hapo ndipo kidevu cha Komeo kilishuka. "Nimeelewa, Bibi."

"Haya. Mama Kibonge, umpe mkono. Na wewe uliyesema kule hawana utu, kesho njoo unisaidie kubeba maji, nikueleze habari za glavu."

Watu walicheka, na hewa ikarudi chumbani.

Siku iliyofuata seremala aliitwa atoboe tundu la kuchungulia mlangoni. Aliweka alama usawa wa jicho lake.

"Hapo nani ataona?" Komeo alisema. "Mimi sifiki."

Seremala alishusha alama, huku akinung'unika kwamba wateja wa siku hizi wana ndimi. Akatoboa. Komeo akachungulia, akaona miguu ya fundi viatu hadi kofia yake. Kisha Kibonge akaja akasimama, akautazama mlango, akasema, "Na la kwangu?"

Kwa hiyo mlango wa nyumba ile una matundu mawili, moja chini sana.

Walikubaliana mambo mengine pia, na Mama Mkubwa aliyaandika kwa kalamu nene akayabandika juu ya meza ya pasi. Mtoto anayebaki peke yake ana ruhusa ya kufunga, lakini akiitwa lazima aulize ni nani. Anayeleta mtoto anamkabidhi mkono kwa mkono. Anayetoka anasema anakokwenda. Kidoti alitaka iongezwe kwamba soksi ni za wote. Ilikataliwa.

Jumapili mama yake Komeo alipiga simu. Alikwisha kusikia yote kutoka kwa dada yake. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. "Nilikufundisha kufunga," alisema. "Sikukufundisha kufungua. Hilo ni kosa langu. Nilikuwa na haraka, na kuogopa ni rahisi kufundisha. Lakini kudanganya sikukufundisha mimi."

"Najua, Mama."

"Basi sikiliza. Sheria yoyote niliyokupa, ya kule au ya hapo, iulize kwanza: leo inamlinda nani? Ikikosa jibu, tumia kichwa. Na ukikosea, sema haraka kabla watu hawajakimbilia upande mwingine. Huo ufunguo bado unao?"

"Ninao."

"Bibi anasema hutaki kuuvua."

"Sivui."

Mama yake alicheka, mbali kule. "Usivue. Ni wa kwenu."

Saa kumi siku hiyo mlango uligongwa chini. Mama Mkubwa na Bibi walikuwa uani, na Komeo, akiwa peke yake chumba cha mbele, alikuwa amefunga. Komeo alikwenda.

"Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Kibonge! Na Mama yuko nyuma yangu! Fungua, Komeo!"

Aliinama akachungulia kwenye tundu la chini. Jicho moja kubwa lilikuwa limejaa upande wa pili, likimtazama. Akavuta komeo, nalo halikulia tena kwa sababu seremala alilipaka mafuta, na akalisukuma jiwe hadi likaingia mahali pake.